Petali ya Sita ya Fundi Viatu

Aliyempa mkono yule fundi viatu aligundua jambo moja kabla ya salamu kwisha: mkono haukuachia. Gundi ilikuwa imemkolea hadi kwenye kucha. Kitu kilichobanduka hakikumpa usingizi. Alishagandisha mpini wa mwiko, sikio la kikombe na, kwa nia njema kabisa, kitasa cha choo, mkewe akiwa ndani.

Nyuma ya kibanda chake kulikuwa na kinamasi, na kila baada ya mvua lilichanua humo ua la rangi ya waridi ambalo hakuna aliyelijua jina. Shemeji yake, kaka wa mkewe, alisema ni gugu tu, na kwamba mwenye lundo la viatu vya watu visivyoshonwa hana muda wa kuulizia majina ya maua. Maneno hayo yalimchoma kuliko sindano. Akaapa kwamba ua hilo litapata jina, na shemeji atalitamka mwenyewe.

Akachuma maua mawili, akayabana kati ya soli kwa wiki nzima, akachagua lililo zuri na kulituma, pamoja na majani yake, kwa mtaalamu wa mimea. Jibu likaja: “Nimeliona ua lako la petali sita. Usichume jingine. Nakuja Jumamosi.”

Fundi aliisomea barua hiyo mtaa mzima. Shemeji akavua kofia. Watu wakamiminika kinamasini kutazama, na kwa kutazama huko wakayakanyaga maua yote, likabaki tumba moja.

Mkewe alilichungulia, akahesabu ncha tano tu za petali, kisha akamgeukia taratibu.

“Baba watoto, hizo petali sita, zote zilikuwa za ua lile?”

Fundi akajikuna kisogo. Siku ya kufunga bahasha alikuta petali moja mezani.

“Nilidhani imebanduka.”

“Ukaigandisha.”

“Kidogo tu, mama watoto.”

Usiku huo hakulala. Asubuhi akameza aibu yake, akaandika ukweli wote bila kuficha hata tone. Jibu halikuchelewa: “Gundi niliinusa tangu siku ya kwanza. Kinachonileta ni majani, sijapata kuyaona popote. Niandalie buti.”

Leo ni Ijumaa. Buti zimeshonwa upya, shemeji amejiletea kigoda, na tumba limeanza kupasuka upande mmoja. Fundi analizunguka mikono nyuma, kama alivyoamriwa. Kopo la gundi mkewe amelifungia kabatini, na ufunguo ameufunga kwenye pindo la kanga, mpaka mtaalamu afike.