Baba alitangazwa marehemu kwenye televisheni akiwa amekaa benchi la mbele

Admin, naomba ufiche jina langu na la baba pia, ingawa la baba lilishafichwa zamani. Mimi ni mwanaume wa miaka hamsini na moja, fundi redio hapa Mpanda, ambaye siku hizi natengeneza simu. Sijafumania na sijafumaniwa, kwa hiyo mliokuja kwa hayo mnaweza kupita. Nyie mnaobaki, nawaomba mnisome mpaka mwisho.

Miaka ya sabini baba alipiga gitaa la solo Dar es Salaam, kwenye bendi ya vijana waliovaa suruali pana za bugaluu na kupiga roki mpaka spika zikatoa moshi. Kaka yake mkubwa alipofariki, akaitwa nyumbani kushika ng'ombe na yatima walioachwa. Alipanda treni bila kuaga bendi. Mama aliwahi kumuuliza kwa nini. Akasema, "Ningeaga wangenizuia. Na mimi nilikuwa nataka kuzuiwa."

Miaka ya tisini televisheni ilipoingia, mpiga besi wa bendi ile, nimwite Mzee B, akapewa kipindi cha kuhoji wanamuziki wenzake wa zamani. Mpanda hatukuwa na mawimbi. Tulikuwa na Masudi, mwenye banda la video na jenereta. Mdogo wake aliyeko Dar alimrekodia mechi na kumtumia kanda kwa treni, na mpira ukiisha aliacha kanda ijijaze na chochote. Hivyo ndivyo Mzee B alivyofika kwetu, nyuma ya mpira, watu wakiwa wananyanyuka waende zao. Aliyekuja kwa ajili yake alikuwa baba peke yake.

Kila Jumapili mchana alichomekea shati, akakaa benchi la mbele, na kila swali aliloulizwa mgeni, yeye alilijibu.

"Gitaa ulifundishwa na nani?" anauliza Mzee B.

"Si unajua mwenyewe," anajibu baba. "Tulipigwa wote na mjomba wako kwa kukata nyaya za gitaa lake."

Watu walianza kubaki kumsikiliza baba. Masudi alisema kipindi kimekuwa na wageni wawili, na wa Mpanda ndiye anayeeleweka.

Jumapili moja mgeni alikuwa mpiga ngoma wao. Baba akafurahi, akatuambia huyu ndiye aliyekuwa anakoroma kama trekta. Mzee B akamuuliza, "Na yule solo wetu yuko wapi siku hizi?" Mpiga ngoma akatikisa kichwa. "Yule alishafariki. Huko huko kwao Mpanda." Mzee B akavua miwani, akafuta macho, akasema, "Tusimame kidogo, tumkumbuke." Wakasimama.

Na baba akasimama.

Banda zima lilicheka. Mimi nilikuwa nyuma yake, nikaona mikono yake imenyooka kama ya mtoto wa shule. Walipokaa, akakaa. Akamwambia Masudi, "Rudisha nyuma kidogo." Masudi akarudisha. Baba akasikiliza tena kifo chake, akashukuru, akaenda nyumbani.

Kesho yake watani zetu Wafipa wakavamia. Kwetu Wanyamwezi mtani ndiye anayekuja msibani kuchekesha wafiwa, na hawa hawakutaka kusubiri msiba. Mama Aloyce, jirani yetu, alijipaka majivu, akavaa koti la baba, akajilaza mlangoni.

"Marehemu, wali uko wapi? Hatuwezi kulia na njaa!"

"Marehemu hapiki," akasema baba. "Muulize mjane."

Tulicheka mpaka basi. Lakini tangu siku ile jina lake likawa Marehemu. Sokoni walimwamkia, "Shikamoo, Marehemu," naye akaitikia marahaba. Nilimsihi twende posta tumpigie Mzee B. Alikataa. "Niliwaacha bila neno. Wamenizika kwa heshima, tena wamesimama. Nikawaambie wakae?" Bandani hakurudi tena. Gitaa hakuligusa tena.

Miaka michache baadaye, kifua kikamchukua kweli. Nilipanda baiskeli kwenda kijiji cha Kasekese kuwaita ndugu. Nikawakuta shambani. Nikasema, "Marehemu amefariki." Wakaegemea majembe, wakacheka. "Tena? Safari hii ametangazwa kituo gani?" Nililia mbele yao, wakasema najua kuigiza kuliko Mama Aloyce. Tulimzika tukiwa wachache kiasi kwamba walioshika makoleo hawakupata wa kuwapokea.

Mama Aloyce alifika kesho yake. Hakujipaka majivu wala kudai chakula. Alikaa chini karibu na mama, akasema, "Dada, utani wangu wote nilishaumaliza."

Sasa, wiki iliyopita nimepigiwa simu kutoka Dar. Ni Mzee B mwenyewe, sauti imechakaa. Amestaafu, anaumwa, wanamwandalia kipindi cha mwisho, na safari hii anayehojiwa ni yeye. Anataka nikae pembeni yake kama mtoto wa rafiki yake. "Mwanangu," akaniambia, "baba yako nilimlilia sana. Nilijilaumu kwamba sikumtafuta akiwa hai." Akanitajia mwaka ambao anadhani baba alifariki. Mwaka huo baba alikuwa benchi la mbele, anamjibu maswali. Nikasema tu, ndiyo, mzee.

Mama yangu bado yupo, na masikio yake ni mazima. Anasema, "Nenda ukamwambie mume wangu alikuwa anamsikia. Miaka ile anayodhani amekufa, mimi nililala na mtu, siyo mzimu." Dada yangu anasema mzee wa watu anakaribia kaburi, tusimtwishe mzigo ambao hata baba hakumtwisha.

Kurekodi ni Alhamisi. Nikisema, nitamuua mgonjwa mbele ya kamera. Nikinyamaza, mimi ndiye nitakayesimama na kumzika baba mapema, tena nikiwa najua. Ndugu zangu, kama ni baba yenu, mngefungua mdomo? Nipeni neno kabla sijapanda treni.