Saa Mbili ya Nyuki

Ta. Ta. Ta. Ulikuwa mlio wa kidude cha kuhesabia, kidogo kama yai la njiwa, kiganjani mwa Bezawit, kila nyuki alipotua juu ya ua la mbuni. Sisi tuliosoma naye shahada ya pili pale chuoni Jimma, kwenye nyanda za kahawa, bado tunausikia.

Msimu wa maua, Jumanne na Alhamisi zilimkuta shambani na umande. Jumatano alikuwa maabara, akipima buni. Ijumaa alinakili hesabu zake daftarini. Jumamosi aliweka vyote chini akapiga krar, kinubi chake cha nyuzi sita, na Lemlem, mwenzake wa chumbani, akacheza kwa mabega mpaka watu wakasahau njaa.

"Wewe dada utaposwa na nyuki," Lemlem alimtania, "na mahari italetwa kwenye sega."

Bezawit alicheka, akamwachia daftari alisome apendavyo. Nani humfungia kabati anayekula naye sinia moja?

Miaka miwili ya kuhesabu ilimpa jambo moja, na tasnifu yake yote ililiegemea: saa ambayo nyuki hufurika mibuni. Hakuwa amemwambia msimamizi wake. Alitaka kwanza msimu mmoja zaidi wa kuhakikisha.

Utafiti wa Lemlem mwenyewe, wa udongo, ulikuwa umekwama. Siku ya kongamano la idara alisimama mbele ya walimu na wageni wa ng'ambo akasema amegundua kwamba nyuki hufurika mibuni saa nane mchana. Walimu walishangaa, wakasifu, wakapiga makofi. Bezawit alizitazama namba ukutani. Zilikuwa zake, kwa mpangilio wake, hata ile mistari miwili mitupu ya siku alizolala na malaria.

Daftarini aliandika saa kwa hesabu ya kwetu: mbili ni jua changa. Lemlem, akiwaandikia wageni, alidhani zimeshageuzwa kuwa saa za kwao. Akaiacha mbili kama ilivyo, na mbili ya mchana ya wageni ni saa nane yetu, wakati mawingu yameshatanda na nyuki wamerudi mzingani.

Mchana huo tuliizunguka injera, mkate wetu mpana na laini. Lemlem alikunja tonge, akalichovya kwenye mchuzi wa dengu, akalipeleka mdomoni mwa Bezawit kama walivyozoea. Kwetu tonge la mkono wa rafiki halikataliwi. Bezawit alifunga mdomo. Mchuzi ukadondoka kwenye shuka jeupe alilojitanda, mkono wa Lemlem ukabaki hewani, na sisi sote tukaacha kutafuna.

"Kwani umekasirika, mpenzi?" Lemlem alimuuliza, akitabasamu kwa ajili yetu. "Jina lako ningeliweka. Kule mwisho, kwenye shukrani."

Bezawit alifuta shuka taratibu kwa kidole. Tulilazimika kuinama ili tumsikie.

"Ungeniuliza tu, ningekwambia. Ni saa mbili ya asubuhi."