Kisima cha Mama Ndaki

Wengine huku Katoro wanaringia dhahabu. Sisi tunaringa na mpima maji. Ukimwamkia shikamoo, marahaba anaiitikia kisimani, vidole vikiteremsha utepe wake wa kupimia kina polepole hadi ncha yake iguse maji na kulia pii. Hapo hutabasamu kama aliyejibiwa na mchumba.

Juzi pampu ilivuta maji ya kisima kipya cha kijiji tangu asubuhi, vigelegele juu. Mpima maji akaenda kupima kisima cha jirani, Mama Ndaki. Utepe ukashuka, ukatua kwenye tope, kimya. Mama Ndaki akachungulia ndani, akauliza:

“Baba, mbona jana nimechota humo?”

“Mama, maji yako ndiyo yale wanayoyapigia vigelegele.”

Akakimbilia injini ya pampu. Mwenyekiti wa kijiji akamshika mkono: “Ukizima, kijiji kinywe nini?”

Mpima maji akazima. Kwenye ukimya ule wakamsikia Mama Ndaki, kainamia kisima, anayaita maji kama anavyoita ng'ombe.