Fundo la Nyuzi Nne

Jumanne, tarehe 9 Oktoba 2018, Mahrokh Nakhai, mwenye umri wa miaka hamsini na mmoja, alikata zulia lake la kumi na saba kutoka kwenye kitanda cha kufumia, katika kijiji kimoja cha milimani nje ya Birjand. Zulia lilikuwa na urefu wa mita tatu na upana wa mita mbili. Yeye na mdogo wake Tuba walilifuma kwa miezi kumi na tisa, Mahrokh kushoto, Tuba kulia, kama walivyokaa tangu usichana wao.

Siku ya kukata zulia majirani hupewa peremende. Safari hii majirani walikuwa mashambani wakichuma zereshki, vile vitunda vyekundu vichachu, na Mahrokh hakuwa na subira ya kuwangoja. Daktari wa Mashhad alishawaambia kwamba presha ya macho ya Tuba haisikii tena dawa ya matone. Macho yote mawili yapasuliwe kabla ya mwezi kuisha, kila jicho kwa tomani milioni nne na nusu. "Kilichopotea hakirudi," alisema. "Tunaokoa kilichobaki."

Alhamisi asubuhi Mahrokh alilishusha zulia kwenye duka la Haji Nosrat, mfanyabiashara aliyenunua mazulia yake tisa kabla ya hilo.

"Karibu dada Mahrokh! Na yule mchekeshaji wetu yuko wapi?"

"Tuba yuko nyumbani, Haji. Hajisikii vizuri."

"Mwambie chai ya hapa haina ladha asipokuwepo."

Haji hakutazama maua. Aliviringisha kitambaa cheupe kwenye kidole, akakilowesha mate, akasugua rangi nyekundu ya ukingoni. Kitambaa kilitoka cheupe. Alikunja zulia katikati, akalinganisha pembe na pembe, kisha akaliweka kifudifudi. Mgongo wa zulia hausemi uongo. Alitoa kijiti chake cha kupimia cha sentimita saba na sindano, akapiga magoti upande wa kushoto, akahesabu mafundo ya urefu wa kijiti, moja moja.

"Arobaini," alisema. "Mkono haujazeeka. Kabla Wamarekani hawajatufungia mlango kwa vikwazo mwezi Agosti, hili lingekuwa la milioni kumi na sita. Leo ni kumi na moja, na hiyo ni bei ya haki."

Kumi na moja. Kichwani Mahrokh alitoa gharama ya macho yote mawili, na ya nauli, na ya chumba cha kulala Mashhad, bado kikabaki kitu. Kwa mara ya kwanza tangu majira ya baridi alipumua hadi chini ya mbavu.

Haji akahamia upande wa kulia. Ukingoni alihesabu arobaini. Akasogea kwenye uwanja wa bluu, theluthi ya juu ya zulia, akaweka kijiti. Sindano ilitembea, ikasimama. Akaanza upya.

"Ishirini na moja," alisema.

"Haiwezekani, Haji."

"Njoo uhesabu mwenyewe."

Alihesabu. Fundo halali hukumbatia nyuzi mbili za wima. Haya yalikumbatia nne. Usoni hayatofautiani na mengine, lakini yanakula nusu ya sufu na nusu ya muda, na baada ya miaka michache ya kukanyagwa, zulia hunyonyoka pale kama kichwa chenye kipara. Hakuna wizi mwingine unaochukiwa zaidi katika soko lile.

Karamat, mwenye duka la jirani, alikuwa amesimama mlangoni na bilauri yake ya chai.

"Nyuzi nne!" akasema. "Jamani, hata nyumba ya Nakhai? Mwenye macho haambiwi tazama, dada. Ulidhani Haji amepofuka?"

Mahrokh alikuwa bado ameinamia upande wa kulia, upande wa Tuba. Alikuwa ameona kitu kingine. Alikumbuka mwezi wa Februari, walipofika kwenye uwanja ule wa bluu. Kwenye maua yeye ndiye aliyeita rangi kwa sauti, na Tuba akaitikia. Kwenye uwanja mtupu hakuna cha kuita. Kila mtu hufunga kimyakimya mpaka mwisho wa safu. Tuba, aliyekuwa akichelewa kila safu tangu vuli, ghafla akaanza kumaliza wa kwanza. Mahrokh alifurahi. "Hongera," alimwambia, "leo umeniacha mbali." Tuba alicheka akasema, "Wewe ndiye unayezeeka, dada."

Alimpongeza hivyo kwa wiki nyingi.

"Nani alikaa kulia?" Haji aliuliza.

Mwanamke atajwaye kwa nyuzi nne hapewi tena sufu wala kitanda, hata akipona.

"Tulikuwa tunabadilishana nafasi," alisema Mahrokh. "Hapo ni mkono wangu."

"Wako?"

"Wangu. Haji, nina mgonjwa nyumbani."

"Dada yangu, sijawahi kukutana na aliyefunga nyuzi nne asiye na mgonjwa nyumbani." Hakuwa na hasira, na hilo lilimuumiza zaidi. "Zulia hupewa bei ya fundo lake baya kuliko yote. Sehemu hiyo ikichakaa, mteja hatasema sehemu, atasema zulia. Milioni tano."

"Sehemu yenyewe ni moja ya sita! Toa moja ya sita."

"Tano. Na usilipeleke kwingine ukajichosha. Karamat ameshaona."

Mlangoni hapakuwa na Karamat tena. Sauti yake ilisikika duka la tatu, ikicheka.

Mahrokh alizishika zile pindo ambazo bado zilikuwa na vumbi la nyumbani kwao. Alisema saba, akasema sita, akasema kwa jina la baba yao, ambaye Haji alimfahamu. Haji aliteremsha macho, akasema tano.

Nyumbani, Tuba alikuwa amekaa kwenye kizingiti, akichambua zereshki kwa kupapasa. Alimtambua dada yake kwa hatua.

"Alihesabu?"

"Alihesabu."

"Upande gani?"

Mahrokh alivua viatu, akaviweka sawasawa. "Pande zote."

Vidole vya Tuba viliacha kupapasa. "Sikuiba, dada. Nyuzi mbili sikuziona tena. Nilikuwa nachota kwa vidole, zinakuja nne. Nikajua. Nikasema moyoni, nikikwambia utanitoa kwenye kitanda."

"Ningekutoa."

"Ndiyo hivyo."

Mahrokh alikaa kando yake, akavuta sinia, wakachambua pamoja. Tuba akauliza, "Pesa zinatosha?"

"Jicho moja, na nauli. Daktari alisema kabla ya mwezi kuisha."

"Lipi?"

"Sijui, Tuba."

Basi la Mashhad linaondoka Birjand Jumamosi, saa kumi na mbili asubuhi. Jumapili daktari atawauliza ni jicho lipi, na Tuba atajibu.