Damu ya Upande Gani

Mwanangu wa kwanza alifika umri ambao wenzake walikuwa wanaimba na kutukanana vizuri tu, na yeye hakuwa ametamka neno. Hakuwa kiziwi. Mvua ikianza kupiga mabati, na Kyela ikinyesha inanyesha kweli, aliziba masikio na kujikunja chini ya meza mpaka iishe. Ukimwita jina, hageuki. Ukidondosha punje ya kakao chumba cha pili, anageuka. Kutwa nzima alikaa kwenye jamvi la kakao aliyoanika baba yake, akizipanga punje mstari mmoja, kubwa mpaka ndogo, na ole wako umharibie mstari.

Ilikuwa miaka ile wanunuzi binafsi wa kakao walipomiminika kama kumbikumbi, na mume wangu alikuwa akimnunulia mmoja wao pale Ikolo. Mjini Kyela nako kila kona ilifunguliwa duka la dawa au zahanati ya mtu binafsi, na mimi zote niliingia na mtoto mgongoni. Wa kwanza alisema ni minyoo. Wa pili alisema ulimi umefungwa, akaukata kidogo kwa chini, mtoto akalia mpaka sauti ikakauka. Wa tatu alinipa dawa ya masikio. Nilirudi nyumbani nimechoka na hasira zangu zikiwa mpya.

Wifi yangu hakuhitaji zahanati. Huyu ni dada mkubwa wa mume wangu, aliyerudi kwao baada ya ndoa yake kuvunjika, na tangu mama mkwe afariki ndiye aliyekuwa anashika usukani wa boma. Yeye alikwisha kupima na majibu alikuwa nayo: ni damu ya kwetu, Ndandalo. Alimtaja mjomba wangu anayeongea peke yake njiani. Mjomba wangu alikuwa mlevi. Mtu yeyote akianza pombe alfajiri, ifikapo saa nne ataongea peke yake, na wakati mwingine atajijibu.

Ningevumilia maneno hayo kama nisingepata mimba ya pili. Wifi alipoiona, alisema mbele ya mume wangu, mimi nikiwepo napepeta mchele, kwamba wa pili akizaliwa kama wa kwanza, mume wangu atafutiwe mke mwenye damu safi. Mimi nirudi Ndandalo, na watoto niwabebe wote wawili, maana ukoo hauwahitaji. Mume wangu alitazama chini. Hakukubali, lakini hakukataa pia, na mimi kunyamaza kwake ndiko kulikoniuma kuliko ulimi wa dada yake. Usiku nilishika tumbo na kumwomba Mungu kitu ambacho sipendi kukikumbuka: kwamba huyu asifanane na kaka yake.

Mama mmoja aliyekuwa akivuka mto Songwe na vitenge kutoka Malawi ndiye aliyeniambia habari ya kipimo. Alisikia huko kwamba Afrika Kusini wanachukua damu ya mtoto na ya wazazi, wanaiangalia kwa mashine, kisha wanasema ugonjwa umetoka upande gani. Upande gani! Nilimshika mkono akarudia mara ya pili. Nilitaka kipimo hicho kama mwenye kiu anavyotaka maji, na sitadanganya kwamba nilikitaka kwa ajili ya mtoto tu. Nilitaka jibu lenye muhuri wa hospitali, nimsomee wifi polepole, huku amesimama.

Mume wangu alikubali twende Mbeya, nadhani kwa sababu alichoka kuwa katikati yetu. Tuliambiwa kuna daktari wa watoto, mwanamke, si mtu wa mkoa ule. Kulikuwa na baridi, mtoto kavaa sweta la mtumba lililomfika magotini. Daktari hakumvua nguo wala kumfungua mdomo. Alikaa naye sakafuni, akamwaga vifuniko vya soda, akamwangalia. Mtoto akavipanga mstari. Daktari akachukua kimoja cha katikati, na vurugu iliyofuata sina haja ya kuisimulia. Baada ya hapo akatuuliza maswali kwa muda mrefu sana, ya namna mtoto anavyolala, anavyokula, anavyocheka. Mwisho akasema ni otizimu. Siku hizi tunalo neno usonji, na redioni wanalitaja, lakini wakati ule lilikuwa neno geni, na nilimwomba alirudie ili nisilipoteze njiani.

Nikamuuliza kipimo cha damu. Alivuta kiti. Alisema kipimo kipo, damu husafirishwa nje ya nchi, lakini kabla hatujaamua tujue kinaweza nini na hakiwezi nini. Otizimu haionekani kwenye damu. Anayeitambua ni mtu anayemtazama mtoto, kama alivyofanya yeye pale sakafuni. Damu huenda ikaonyesha chanzo kwa baadhi ya watoto, na kwa wengi inarudi bila jibu. Ikionyesha, haileti dawa. Angekuwa na kifafa, au dalili nyingine mwilini, angetusukuma tupime. Kwa huyu haoni kitakachobadilika: akipimwa au asipopimwa, anahitaji kufundishwa polepole na watu wasiomchoka.

Mimi nilikuwa nasubiri upande. Nikamuuliza wazi. Akasema mambo haya mara nyingi yako kwenye ukoo, vipande vipande, huku kidogo na kule kidogo, na mara nyingine yanaanza kwa mtoto mwenyewe bila mzazi yeyote kuwa nayo. Hakuna aliyeyaleta kwa kukosea. Si chakula nilichokula, si laana, si kazi nzito niliyofanya nikiwa na mimba. Pale nilipumua kwa namna ambayo sikuwa nimepumua muda mrefu, kwa sababu hata hayo niliyawaza, ingawa sikumwambia mtu.

Kisha akauliza kama kwenye koo zetu kuna mtu mwenye tabia kama za mtoto. Nikamjibu haraka, maana nilijua mtego wa mjomba. Kwetu hakuna. Na kwa kina mume wangu, nikasema kwa haki kabisa ingawa iliniuma, kwao pia hakuna.

"Baba mkwe wako yukoje?" akauliza.

"Sijui, daktari. Sijawahi kumwona uso."

Alidhani mzee amekufa. Ikabidi tumweleze. Kwetu Wanyakyusa, mke wa mtoto na baba mkwe hawatazamani. Ukisikia anakuja, unaacha njia na kuinamisha kichwa ndani ya khanga. Jina lake hulitamki. Vijana wa mjini na baadhi ya walokole walikuwa wameanza kuacha, lakini bomani kwetu mila hiyo ilishikwa barabara, na mzee mwenyewe alisifiwa Ikolo nzima kwa kuishika kuliko wote. Alikuwa hatazami mkwe wala mgeni wala mchungaji. Watu walisema, yule ndiye mtu wa heshima.

Daktari akamtazama mume wangu. Mume wangu alicheka kidogo, halafu kicheko kikamfia. Akaanza kusema, polepole, kama mtu anayepapasa gizani. Baba hatazami hata watoto wake. Baba ana njia yake ya kwenda shambani, na mwaka mto ulipoibomoa alikaa ndani mpaka ilipotengenezwa. Majembe yake yamepangwa ukutani kwa urefu, na sisi tulichapwa kwa kuyagusa. Mvua kubwa ikinyesha anajifunika blanketi kichwani.

"Na chakula chake kisichanganywe," nikamalizia mimi, nikasikia sauti yangu mwenyewe. Kila siku nilipika ndizi, nikaziweka peke yake na maharage peke yake, visigusane, wifi akampelekea mzee. Kisha nikapakua sahani ya mwanangu vilevile, kwa sababu naye vikigusana hali. Nilidhani mmoja ni mzee mwenye madeko na mwingine ni mtoto mgonjwa. Mgeni njoo, mwenyeji apone.

Daktari alitahadharisha kwamba hawezi kumpima mtu asiyemwona, na kwamba hata ikiwa ndivyo, hiyo si hukumu. Mzee amelima, ameoa, amezaa, amejenga. Nikamuuliza la mwisho, lile lililonileta kuliko yote: na huyu aliye tumboni? Hakunidanganya. Alisema mdogo wa mtoto wa namna hii ana uwezekano zaidi kuliko watoto wengine, lakini wengi wao hawawi hivyo, na kipimo hakitaniambia atakuwa mtu gani. Nilishangaa kwamba jibu lisilo na uhakika linaweza kumpunguzia mtu mzigo. Damu hatukupima.

Ndani ya basi, tukishuka kuelekea joto la kwetu, nilikuwa na ushindi wangu mkononi. Upande nilikuwa nimeupata hata bila mashine. Na sikujisikia kuutumia. Kila nilipoandaa maneno ya kumchoma wifi, nilimwona mzee nisiyemjua uso amejifunika blanketi, na mwanangu chini ya meza.

Mume wangu ndiye aliyesema, jioni, uani. Mimi nilikuwa jikoni na mlango wazi. Alimweleza dada yake yote ya daktari, na alipofika kwenye tabia za ukoo hakumtaja baba yao, alizungukazunguka tu. Wifi akaguna. Nyani haoni kundule.

"Kwetu hakuna mtu wa hivyo," akasema. "Daktari aulize Ndandalo."

Sauti ikatoka nyuma ya ua wa matete, kwenye nyumba ya mzee. Nilivuta khanga mpaka puani. Nilikuwa nimemsikia akikohoa, nimemsikia akifukuza kuku, lakini maneno yaliyofuatana sikuwa nimeyasikia kwake.

"Mimi nilianza kusema nikiwa nachunga ndama," alisema. "Kabla ya hapo nilikuwa kimya. Wageni wakija, mama yangu alinificha ghalani kwenye mpunga. Kulikuwa na giza, nilipapenda. Huyo mtoto msimfiche."

Wifi alikaa chini palepale kwenye majivu yaliyomwagwa uani, akawa anafuta macho na kiganja. Nadhani hakuwa amewahi kumsikia baba yake akieleza jambo lolote la utotoni. Mume wangu naye akapata ulimi wake aliokuwa ameupoteza, akasema mke wake haendi popote na watoto wake hawaendi popote, na mazungumzo hayo yameisha. Nilimpenda sana jioni ile, na nilimwambia.

Kuanzia kesho yake mwanangu alipelekwa kwa babu kila asubuhi. Mila ya kutotazamana haimhusu mjukuu, na wale wawili hawakuihitaji kwa sababu walikuwa hawatazamani hata hivyo. Walikaa wamepeana migongo, wakichambua mbegu za mpunga. Kimya chao hakikuwa na ugomvi. Nilipoteza hofu kubwa nikiwasikiliza wasivyosema kitu.

Nilijifungua msichana wakati wa mavuno. Wifi ndiye aliyemwogesha, na nilimwona akimgeuza kuelekea mlangoni kwenye mwanga, akimchunguza macho. Sikumlaumu, hata mimi nilikuwa nimeshayachunguza. Mzee alikuja mpaka kwenye ua wake wa matete, akasimama upande wa pili. Nikajifunika.

"Anatazama watu?" akamuuliza binti yake.

"Bado mchanga, taata. Haijulikani."

Nilisikia matete yakilia alipoyaegemea.

"Asipotazama," akasema, "mleteni kwangu."

Nililia ndani ya khanga, kilio cha mtu aliyetuliwa mzigo, na wifi yangu akaja akanikumbatia pamoja na mtoto.