Cherehani Mbele ya Baba Mkwe

Nilipoolewa Karatu, mwanzoni mwa miaka ya themanini, mama alinifunda mengi, lakini moja alilirudia mpaka nikachoka: mbele ya baba mkwe, macho chini. Usimkazie macho, usimpe mgongo. Nikatoka nalo kwetu Endamarariek pamoja na sanduku langu la nguo, nikalishika kweli kweli. Ningejua litanipasua kichwa, ningemuuliza maswali mawili matatu.

Baba mkwe alikuwa mkulima wa ngano na maharage, mzee mrefu, mpole, wa maneno machache. Alipogundua najua kushona aliuza dume la ng'ombe, akaninunulia cherehani ya miguu. Jamani, mkwe gani hununuliwa cherehani? Wifi zangu walininunia wiki nzima. Akaiweka barazani, mkabala kabisa na kigoda chake, ili akinywa chai yake anione nikifanya kazi. Wageni wakija ananionyesha kwa fimbo: "Fundi wetu huyo."

Nami fundi nikainama. Nilikalia debe lililopinduliwa, pini nimeziuma kwa meno, kidevu kimegusa kifua, na mzee yuko pale mbele yangu tangu chai ya asubuhi. Siku nzima siinui uso. Majirani wakipita wanasifu: huyu mtoto wa watu amelelewa! Na mimi nikisikia sifa nazidi kuinama.

Kisha kichwa kikaanza. Kilianzia kisogoni, kikapanda nyuma ya masikio, kikaja kukaa juu ya macho. Nilijifunga kitambaa nikakikaza hadi nyusi zikapanda. Nilimeza aspirini zilipopatikana, na zisipopatikana nilimeza hasira. Mume wangu alikuwa dereva wa watalii. Akirudi kutoka kreta ya Ngorongoro na vumbi lake anakuta mke hasemeshwi. Hospitali walinipima: malaria hakuna, presha nzuri, macho mazima. Daktari akasema niende chumba cha mazoezi ya viungo. Nikaenda zangu nyumbani. Mazoezi? Mimi nachota maji, napalilia maharage, nakanyaga cherehani, mazoezi gani tena!

Aliyeshindwa kuvumilia ni mzee. Jioni moja alinikuta nimelaza kichwa juu ya cherehani, nalia.

"Mashine hii inakuua, mama," akasema. "Niliileta mwenyewe, nitaiondoa mwenyewe. Mnada ujao inakwenda."

Nikajibu, "Sawa, Baba," huku natazama vidole vya miguu yake. Moyoni niliwaka moto. Cherehani ile ndiyo iliyonifanya nijulikane Karatu. Bila hiyo ningekuwa mke wa dereva tu, wa kukaa kusikiliza gari linarudi lini.

Kesho yake asubuhi nilikuwa kwenye mlango wa chumba cha mazoezi. Mtaalamu mwenyewe alikuwa dada wa Kipare, wa umri wangu, aliyesomea Moshi, mwenye kicheko cha kusikika hadi wodini. Nilitegemea kuona mitambo ya umeme. Akanivutia stuli, akasema, "Shona."

"Nishone nini?"

"Shona hewa."

Nikaona huyu naye anahitaji daktari. Lakini nikashona. Nikainama, nikauma pini zisizokuwepo, nikakanyaga. Akacheka mpaka akashika meza. "Dada, mabega yamepanda kutafuta nini huko masikioni?"

Akanishika kisogo, akabonyeza kwa vidole chini kidogo ya fuvu. Weee! Maumivu yalikwenda moja kwa moja hadi jichoni.

"Ndicho chenyewe?"

"Ndicho hicho hicho!"

Akanieleza kwamba kichwa ni mzigo mzito, na shingo ikiachiwa kuubeba umeinama kutwa nzima, misuli inakakamaa, halafu maumivu yanapanda juu. Kuuma pini nako kunakaza taya, na taya na kichwa ni majirani. Akanikanda, akaniwekea kitambaa cha maji moto shingoni, nikasikia mabega yanashuka yenyewe. Loo, nilitaka kulala palepale! Kisha masharti: pini zichomekwe kwenye kifuko, debe liondoke, nitafute kiti kirefu chenye mgongo. Na kila uzi wa bobini, kile kigurudumu kidogo cha chini ya sindano, ukiisha, nisimame: kidevu nikivute nyuma, mabega niyazungushe, uso niugeuze polepole kulia, kisha kushoto.

"Na ukishona, usiinamishe uso mpaka kifuani."

"Hapo hapawezekani," nikasema, nikamweleza kuhusu mzee na kigoda chake. Hakucheka safari hiyo.

Nilianza siku ileile. Mama mkwe aliponiona navuta kidevu nyuma aliniuliza nimekwamwa na nini. Wanawake wa bombani nao wakaniiga, mstari mzima, shingo zinaingia na kutoka kama kuku wanaotembea, tukacheka hadi ndoo zikafurika. Na kichwa, niseme ukweli, kilipungua. Asubuhi nilikuwa naimba. Lakini jioni kikarudi, maana mzee bado yuko mbele na uso wangu bado uko kifuani. Nikakasirika, nikaigeuza cherehani itazame ukuta. Mama mkwe aliachia ungo, maharage yakatapakaa barazani.

"Unampa baba yako mgongo?"

Nikaigeuza tena haraka. Mnada ulikuwa umekaribia, na mzee hakuwa amesema kingine.

Siku chache kabla ya mnada yule dada akaja nyumbani kupimwa gauni. Akaliona debe bado nimelikalia, akakiona kigoda, akaniona mimi. Nilimjua kwa kicheko tu, sikujua kama ana ujasiri ule. Akamwendea mzee, akapiga goti kidogo.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu."

"Mzee, cherehani haina kosa. Mkweo anaumwa shingo kwa kukuheshimu. Kutwa anakuinamia, tena juu ya debe lisilo na mgongo."

Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Mzee akaweka kikombe chini, chai nusu, akachukua fimbo yake akaenda shambani. Nikajua basi, nimekwisha. Yule dada nilimpima kiuno kwa hasira hadi akalalamika kwamba namminya.

Asubuhi ya mnada nilijificha jikoni, napuliza moto ambao ulikuwa unawaka vizuri kabisa. Nje nikasikia wanaume wananyanyua, na sauti ya mzee: "Taratibu, msiikwaruze." Machozi yakanitoka, na si ya moshi. Kisha akaita.

"Mama! Njoo huku."

Nikatoka macho chini, kama nilivyofundwa. Kitu cha kwanza kuona kilikuwa miguu ya chuma ya cherehani. Haikwenda popote. Ilikuwa mwisho wa baraza, imeelekezwa barabarani, na nyuma yake kiti kipya kirefu, kina mgongo, bado kinanuka maranda ya seremala. Kigoda cha mzee kilikuwa pembeni ya kiti kile, ubavu kwa ubavu.

"Kaa," akasema. Nikakaa. Naye akakaa. "Sasa siko mbele yako, na hujanipa mgongo. Wote tunatazama barabara. Inua uso, mwanangu."

Nikainua. Jamani, barabara ilikuwa nzuri! Watu na mbuzi wao wanakwenda mnadani, magari ya watalii yanapandisha Ngorongoro, vumbi jekundu nyuma yao, na msitu kule juu umefunikwa na ukungu. Nikashona nikiwa nimenyooka, naimba kwa sauti, hata aibu sikuona.

Uzi wa bobini ukaisha. Nikasimama. Kumbe mzee naye kasimama, fimbo kaiegemeza ukutani, anavuta kidevu.

"Hivi?" akauliza.

"Hivyo hivyo, Baba. Sasa unageuza uso."

Mimi nikageuza kulia, yeye akageuza kushoto, tukakutana. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kuyaona macho ya baba mkwe. Yalikuwa macho ya mume wangu kabisa, na yalikuwa yanacheka.