Mwendo wa Bata Bukini

Filomena Silveira hakuwahi kupenda pitsa. Alisema ni mkate uliotengenezwa na mtu mwenye haraka. Hata hivyo kwa miaka minne aliingia kila asubuhi katika mkahawa wa pitsa pale San Jose, saa mbili kabla ya kufunguliwa, na sindano, uzi na kitana mkobani, kwenda kuwahudumia punda, mbuzi na bata bukini wa jukwaani.

Walikuwa wanyama wa mitambo, wakubwa kama watu wazima. Ndani walikuwa vyuma na mipira ya kupitishia hewa; nje walikuwa kazi ya mikono yake. Watoto waliwapaka sosi ya nyanya wakitaka kuwabusu, na mmoja alimng'oa mbuzi ndevu siku ya kuzaliwa kwake, mama mtu akipiga picha na kucheka. Filomena alifua, akashona, akachana manyoya, na wazazi wa namna hiyo aliwasema kwa Kireno ili asifukuzwe kazi.

Ujanani alikata matunda ya pichi katika kiwanda cha makopo, kama nusu ya wanawake wa mtaa wao wa Wareno. Lakini watu walimjua kwa majoho ya wasichana wanaovikwa taji la malkia kila sikukuu ya Roho Mtakatifu, yale marefu yanayoburutwa barabarani, yamedariziwa lulu na nyuzi za dhahabu. Basi mwaka 1978 mumewe Adelino, fundi umeme aliyekuwa amepata kazi mkahawani, alirudi nyumbani na shingo ya chuma imefungwa blanketi, akailaza juu ya meza ya jikoni.

"Mvishe," alisema. "Umewavisha malkia thelathini, bata ndiye atakayekushinda?"

Kazi ya Adelino mwenyewe ilikuwa kuwapa wanyama mwendo. Sauti zao, nyimbo na mazungumzo, zilikuja tayari kwenye mkanda mkubwa kutoka makao makuu ya kampuni. Hapo fundi aliketi mbele ya safu ya vitufe, kimoja cha mdomo, kimoja cha kope, viwili vya shingo, kimoja cha kuinama, na mkanda ukizunguka alivibonyeza kwa kufuata wimbo. Kila alichobonyeza kilinaswa kwenye mkanda uleule, pembeni ya sauti. Alimaliza mnyama mmoja, akaurudisha mkanda mwanzo, akaanza mwingine. Baada ya hapo, kila mkanda ulipochezwa, hewa ilikwenda fyuu na mnyama alirudia vidole vya fundi bila kukosea. Adelino alijizoeza mezani wakati wa chakula, akigongagonga kati ya makombo, na Filomena alichoka kumwambia supu inapoa.

Machi mwaka 1982 moyo ulimsimama Adelino akiwa bustanini, jembe mkononi. Alikuwa amemaliza mwendo wa punda na wa mbuzi kwa onyesho jipya la Pasaka. Wa bata alikuwa hajaugusa.

Wiki tatu baada ya mazishi, meneja Duane Hatcher alimwita Filomena ofisini. Hakuwa mtu mbaya, ila habari ngumu zilimtia jasho. Alieleza kwa kuzungukazunguka kwamba Trudy Okamoto, fundi kijana aliyeshika nafasi ya Adelino, alikuwa amejaribu mara mbili kumchezesha bata ikashindikana. Onyesho lilikuwa Ijumaa. Kama bata hatakuwa tayari kufikia Alhamisi mchana, mkanda utarudishwa makao makuu, ufutwe wote, wafanye upya. Nakala haikuwapo.

"Wote?" aliuliza Filomena. "Na punda?"

"Wote, Mena. Samahani sana."

Filomena alisimama, akachukua mkoba wake. Nguo za Adelino alikwisha kuzigawa, na viatu, na hata ile kofia mbovu. Lakini kila asubuhi, kabla wateja hawajaingia, onyesho la zamani lilichezwa mara moja kukagua mipira inayovuja, naye alisimama pale na kitana akitazama vidole vya mumewe vikitembea ndani ya punda. Onyesho hilo nalo lingefutwa Ijumaa. Uliokuwa umebaki ni mkanda huu mpya tu. Alishuka hadi jukwaani, akamkuta Trudy ameinamia vitufe.

"Bata wako anaonekana amekunywa chupa nzima ya dawa ya kikohozi," alimwambia.

Trudy alicheka, kisha macho yakamjaa machozi. "Bi Mena, nimejaribu. Nyaya nazijua, mwendo siujui."

"Basi nipishe kiti, mwanangu. Wewe washa mitambo, vidole nitaleta mimi."

Jumatano nzima ilikwenda katika kujifunza. Shingo alijua inageuka mpaka wapi, maana yeye ndiye aliyeshona mshono uliokuwa ukichanika. Mdomo ulimsumbua, ukachelewa nyuma ya maneno, halafu ukayatangulia. Jioni vidole vilimuuma kama enzi za kiwandani. Trudy alihangaikia swichi ya kunasa, ile inayochagua mwendo wa mnyama yupi unaswe: ukikosea ukaiweka kwa punda badala ya bata, kazi ya Adelino imekwenda. Alikuwa akiikagua mara tatu kabla ya kila jaribio, na Filomena aliikagua mara ya nne.

Alhamisi asubuhi bata aliimba vizuri, akiwatazama watoto kama kanuni ya kampuni ilivyotaka. Duane alikuja kuona. Katikati ya wimbo wa mwisho, ambao jana yake hawakuufikia, waimbaji walinyamaza, kodiani ikabaki peke yake, na hapo punda akafanya jambo la ajabu. Aligeuka akawapa watoto mgongo, akaelekea upande wa bata, akainamisha kichwa. Akabaki hivyo.

"Hiyo ni hitilafu," alisema Duane. "Trudy, hapo mfute, umsimamishe wima."

"Mwache," alisema Filomena.

"Mena, anaonekana amezimika."

"Hajazimika. Anangoja."

Katika ukumbi wa dansi mtaani kwao, enzi za ujana wao, mwanamume hakuomba dansi kwa mdomo. Alisimama mbele ya mwanamke, akainamisha kichwa, akakaa hivyo akina mama wote wakimtazama. Na mwanamke mwenye kujiheshimu hakukubali upesi. Alitazama kando kwanza, akamwacha aone aibu kidogo, ndipo naye akainamisha kichwa. Mwaka 1951 Filomena alimwacha Adelino angoje mpaka mpiga kodiani akaanza kucheka.

Aliomba mkanda urudishwe mwanzo. Trudy alitazama saa. Muda ulitosha mara moja tu. Wakakagua swichi, mmoja mara tatu, mwingine mara ya nne, na mkanda ukaanza kuzunguka.

Kodiani ilipobaki peke yake, punda aligeuka, akainama. Filomena alibonyeza shingo ya kulia, bata akatazama ukutani. Kisha akaviinua vidole vyote.

"Bi Mena," Trudy alinong'ona. "Vitufe."

"Mwache angoje kidogo."

Hakuona tena vitufe vizuri, lakini hakuhitaji kuviona. Alimrudisha bata taratibu mpaka akamwelekea punda, akamfumba kope, akamwinamisha. Wakati huohuo kichwa cha punda kiliinuka. Adelino alikuwa amempimia punda muda uleule wa kungoja, bila kuzidi wala kupungua.

Ijumaa mkahawa ulijaa. Watu walikula, watoto walipiga kelele, na penye kodiani wengi hawakuinua hata macho. Duane alisema bata ana madaha, akaenda zake jikoni. Filomena alikaa meza ya nyuma akalia waziwazi, kwa mara ya kwanza tangu mazishi, na Trudy akakaa naye.

"Unadhani mumeo alikuachia bata wewe makusudi?" Trudy aliuliza.

Filomena alijifuta macho. Hakujua. Huenda Adelino alitaka kuwachezesha punda na bata peke yake, aulize na ajijibu, kama alivyozoea nyumbani alipomkuta mkewe yuko kimya.

"Hata kama hakukusudia," alisema, "safari hii nimemjibu mimi mwenyewe."